Jiandae Kurudi Bila Kumwona Sokwe

(Hotuba kwa wanachama wa klabu ya matembezi, Dar es Salaam, kabla ya safari ya Mahale)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni. Mwenyekiti, nakushukuru kwa nafasi hii, nawe katibu kwa simu zako nyingi za kunikumbusha.

Mmeniomba niwaeleze namna ya kuitembelea Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale bila kuidhuru. Nimeongoza wageni kule kwa miaka mingi, na sasa nafundisha vijana wanaoingia kazi hiyo. Nitaanza na jambo ambalo waongozaji wengi huona haya kumwambia mtu aliyekwisha lipa: unaweza ukafika Mahale, ukalala Mahale, ukaondoka bila kumwona sokwe hata mmoja, na safari yako ikawa imekwenda sawasawa kabisa. Mtu asiyelikubali hilo moyoni kabla ya kufunga begi, mimi ningemshauri aende hifadhi nyingine. Tunazo nyingi na nzuri. Mahale inataka mgeni anayeweza kuambiwa "leo basi" akaitikia bila kununa.

Sababu yake nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo hotuba yenyewe.

Mahale iko mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 120 kusini mwa Kigoma mjini. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ndani yake hakuna barabara hata moja. Huingii na gari, unatembea kwa miguu. Kufika penyewe ni kwa ndege ndogo, au kwa boti kutoka Kigoma, au kwa kupita barabara ya vumbi hadi vijiji vya jirani kisha ukapanda boti. Wazee mnaoijua MV Liemba mnakumbuka ilivyokuwa: meli inasimama mbali na ufukwe usiku, mitumbwi inakuja kuwapokea abiria wa kijiji cha Lagosa, watu wanashuka na magunia yao gizani. Nyuma ya ufukwe mlima unapanda hapo hapo, na kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Ziwa mbele, mlima nyuma. Kwa miaka mingi jiografia hiyo ndiyo iliyowalinda wanyama wale. Wengi wetu tukaamini kwamba mahali pagumu kufikika panajilinda penyewe.

Imani hiyo haina ukweli tena. Leo asubuhi mtu yuko Kariakoo ndani ya daladala iliyojaa, kesho kutwa yuko msituni Kasoje, huko huko Mahale, anamtazama sokwe. Mafua aliyoyapata ndani ya daladala ile yanafika naye, tena mara nyingi yanafika kabla hajajua kwamba anaumwa. Zamani safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba ugonjwa ulijitokeza njiani. Siku hizi ugonjwa na mgonjwa wanashuka pamoja.

Mwaka 2006 sokwe wa Mahale waliugua. Wale waliokuwako wanasimulia kikohozi, kamasi, wanyama kulala chini bila kwenda kutafuta chakula, wengine wakafa. Wataalamu walipochunguza sampuli walikuta kirusi cha njia ya hewa kilicho na nasaba na vile vinavyosumbua binadamu, aina ambayo mimi au wewe kingetuletea mafua ya wiki moja na chai ya tangawizi. Kwa sokwe ni kifo. Na si Mahale peke yake. Kule msitu wa Taï, nchini Ivory Coast, vifo vya sokwe vilipochunguzwa vilionekana kusababishwa na virusi vya binadamu vya njia ya hewa. Hapa kwetu Gombe, mwaka 1966, sokwe walipata ugonjwa uliofanana na polio, wengine wakabaki wakiburuta mikono na miguu iliyopooza. Tumefanana nao mno kimwili, na kinachotuingia sisi kinawaingia wao. Tofauti ni kwamba sisi tuna kinga tuliyoijenga tangu utotoni na zahanati ya kukimbilia. Wao hawana.

Sasa mtu ataniuliza, akifa mmoja si watazaliwa wengine? Sikilizeni vizuri hapa. Sokwe jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kama 13. Akishazaa, mtoto yule ananyonya, anabebwa, anafundishwa, na mama hapati mwingine mpaka miaka mitano au sita ipite. Piga hesabu mwenyewe: jike katika maisha yake yote analea watoto wachache mno. Mafua ya juma moja yanaweza kuondoa kilichojengwa kwa miaka 20. Tena wageni wote wa Mahale, wa kutoka Ulaya, Marekani, Arusha na Dar es Salaam, wanapelekwa kwa kundi moja lililozoea watu, linaloitwa Kundi M, sokwe kama 60 hivi. Makundi mengine yanakimbia yakimwona mtu. Kwa hiyo kila pumzi ya kila mgeni, mwaka mzima, inaelekea kwa sokwe wale wale.

Walizoeaje watu? Mwaka 1965 alifika Kasoje mtafiti Mjapani kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida. Ili sokwe wamzoee, yeye na wenzake, pamoja na wenyeji Watongwe waliofanya kazi naye, walikuwa wakiwawekea miwa na ndizi. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 1987, ulipokomeshwa. Tangu hapo sokwe wale wanafuatwa msituni wakijitafutia wenyewe, na wanatuvumilia. Nasisitiza: wanatuvumilia. Hawatuhitaji kwa lolote. Nami nakwazika ninapomsikia mgeni anasema "wamezoea watu" akiwa na maana kwamba hapana ubaya akisogea.

Niwaambie kitu kuhusu hao mnaokwenda kuwaona, ili mjue ni nani mnamkoholea. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua mitishamba ya kwao, walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Chausiku alikuwa hoi. Chakula hali vizuri, analala mchana, mkojo wake umebadilika rangi. Akaenda kwenye kichaka cha mjonso, akavunja chipukizi, akamenya ganda la nje, akatafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu. Sokwe mzima haupendi mti ule, na watoto wakiuonja wanatema. Mzee Mohamedi aliutambua mara moja, kwa sababu Watongwe nao huutumia kwa maumivu ya tumbo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu na anakula. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, na ndiyo iliyowafungua macho wengi duniani kwamba mnyama wa porini anaweza kujitibu. Mimi kila nikipita penye mjonso huwa nasimama na wageni wangu na kuwaonyesha. Kwa minyoo ya tumbo, sokwe anajua aende wapi. Kwa virusi vyetu, msitu mzima wa Mahale hauna chipukizi la kumsaidia.

Basi tuje kwenye siku yenyewe.

Alfajiri, kabla nyinyi hamjanywa chai, wafuatiliaji wameshatangulia msituni. Wanasikiliza milio, wanatazama mahali sokwe walipolala jana, wanapiga redio kambini. Wakati mwingine habari inakuja mapema kwamba sokwe wako chini karibu na ufukwe, mnafika kwa nusu saa. Mwezi wa nane na wa tisa, kiangazi kikiwa kimekolea, ndiyo huwa hivyo zaidi. Masika wanapanda juu, njia zinateleza, na mnaweza kutembea saa nne tano mkiwa mmelowa bila kusikia hata sauti. Mnatoka watu sita tu kwa kundi, hamzidi. Maji mnabeba. Chakula hamkifungui msituni mkiwa karibu na sokwe, hata biskuti, hata pipi mfukoni.

Mkikaribia, mwongozaji atainua mkono. Hapo mnasimama, mnatua mabegi kama atasema hivyo, mnavaa barakoa. Barakoa inafunika pua na mdomo. Nasema pua kwa sababu watu wetu tangu wakati wa korona wamejifunza kuivaa kidevuni, na jasho likianza kutiririka kila mmoja anataka kuishusha kidogo apumue. Ukishindwa kupumua, inua mkono, rudi nyuma na mfuatiliaji mmoja, pumzika huko mbali, vaa tena, kisha urudi. Chafya ikikujia, geuka, chafya ndani ya kiwiko barakoa ikiwa usoni. Usiteme mate chini. Usipenge kamasi ukazitupa kwenye majani. Karatasi ya kamasi inaingia mfukoni mwako na inatoka nayo mpaka kambini.

Umbali ni mita 10. Wengi wakiambiwa mita 10 wanafikiri ni hatua nne. Chukua Coaster moja, iongeze nusu ya nyingine, hapo ndipo unapotakiwa kusimama. Pakiwa na vichaka katikati, utaona mgongo, mkono, jani likitikisika. Ndiyo hivyo. Ukiwa na darubini unaona kila unywele, na darubini ni kifaa ninachokisifu kuliko simu yoyote.

Lakini sokwe hajasoma sheria za mita 10, naye anatembea anakotaka. Mnaweza kuwa mmesimama njiani mkasikia matawi yanavunjika, na dume mkubwa anakuja kwenye njia ile ile. Hapo mnatoka njiani wote upande mmoja, mnakaa pamoja, mnachuchumaa, mnamwachia njia apite. Hamgawanyiki huku na huku mkamweka katikati. Na akija kwa vishindo, nywele zimesimama, anaburuta tawi, anapiga mizizi ya miti kwa miguu, usikimbie. Shika mti ulio karibu, tulia, tazama chini. Anawaonyesha wenzake ubabe wake, na ukimkimbia unajiingiza katika ugomvi usiokuhusu. Akishapita, hata kama alipita karibu kiasi cha kunusa harufu yake, usimfuate kwa nyuma.

Muda ni saa moja. Saa ikitimia mnaondoka, hata kama ndiyo kwanza mama ameshuka mtini na mtoto mgongoni. Hapo ndipo panapokuwa na mvutano, nami nataka kulisema jambo hili wazi kwa sababu nyie ni watu wa nyumbani na sitaki kuwaficha. Sheria za Mahale zinavunjwa mara nyingi kwa ombi. Mgeni anasema kwa upole kabisa: "Kaka, dakika tano tu." "Kaka, tusogee pale kidogo, picha haitoki." "Nimetoka mbali." Kisha jioni kambini anatoa bahasha nene kwa yule mwongozaji aliyemsogeza, na yule aliyekataa anapewa asante kavu. Kijana yule ana watoto shuleni. Baada ya miezi michache amejifunza kipi kinalipa. Mtu akiniuliza ni nani anayeharibu hifadhi pale, sitamtaja kijana. Nitamtaja aliyeomba.

Kwa hiyo nawaomba mfanye kinyume. Mwongozaji akiwaambia rudini nyuma, rudini haraka na mumshukuru. Akiwaambia muda umekwisha kabla hamjaridhika, huyo ndiye wa kumpa bahasha. Mwambieni msimamizi wake pia, mwandikieni maneno mazuri kwenye kitabu cha wageni, mtajeni kwamba alikuwa mkali. Nimefundisha vijana wengi, na najua sifa moja ya namna hiyo inavyomnyoosha mtu mgongo.

Narudi kwenye ugonjwa, maana sijamaliza. Aliwahi kufika mgeni mmoja aliyekuwa ameweka akiba ya safari ile kwa muda mrefu. Asubuhi ya kupanda nikamwona anageukageuka, anakunywa maji kila mara, macho yamelegea. Nikamuuliza, akasema ni vumbi tu. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza kikohozi kikamtoka, kile cha kifuani, hakikujificha tena. Nilisimamisha kundi, nikamwomba arudi na mfuatiliaji. Alilia. Sikuwa na la kumfariji zaidi ya kumwambia kwamba nimeuona uchungu wake, na kwamba hapiti. Wenzake walinikasirikia kwa niaba yake njia nzima. Ningefanya hivyo hivyo leo, na kesho. Ila tangu siku ile nikaona kwamba tatizo lilianza nyumbani kwake, wakati wa kulipia. Mtu akishatoa fedha yake yote na hana njia ya kuirudisha, tunamtaka achague kati ya akiba ya maisha na afya ya mnyama ambaye hajamwona. Wengi wataficha kikohozi.

Ndiyo maana nina pendekezo, Mwenyekiti, na ningependa mlijadili leo leo kabla hamjalipa. Wekeni mfuko wa pamoja. Kila anayesafiri achangie kiasi kidogo juu ya gharama. Atakayeugua njiani au kambini, asipande, na mfuko umsaidie kurudi msimu mwingine. Asipougua mtu, fedha zile zipelekeni shule ya kijiji mtakachopita au zibaki kwa safari ijayo. Na katika safari yenu wekeni siku mbili za ziada, moja kabla ya kupanda na moja ya akiba. Treni ya Kigoma ina watu wengi na safari ni ndefu, ndege nayo ni chumba kilichofungwa. Fikeni Kigoma, pumzikeni, jisikilizeni. Vituo vya utafiti wa sokwe huwaweka watu wao karantini kwa siku kadhaa kabla ya kuingia msituni. Mgeni wa siku tatu hawezi kufanya hivyo kikamilifu, lakini siku moja ya kujisikiliza anaweza. Chanjo zenu ziwe zimekamilika, hasa surua. Watoto wadogo waacheni kwa bibi zao. Mtoto hana hatia, ila watoto wanapokezana mafua shuleni kila wiki na barakoa hawaivumilii.

Mnapokwenda ziwani, ondokeni alfajiri. Upepo ukiinuka mchana, Tanganyika si ziwa la mzaha, ni la pili duniani kwa kina. Vaeni jaketi la kujiokolea tangu mnapoondoka, msisubiri wimbi. Hilo limekwisha.

Nizungumzie wenyeji. Mtasoma kwenye vipeperushi kwamba Mahale ni msitu usioguswa. Si kweli, na Mtongwe yeyote akisikia hivyo anaumia. Watongwe waliishi ndani ya milima ile, wakalima, wakavua, wakazika wazee wao pale. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, walitolewa. Miembe yao ilibaki, mipera ilibaki, milimau ilibaki. Watafiti waliandika mwaka 1986 jinsi sokwe wa Mahale walivyojifunza polepole kula maembe, mapera na malimau ya mashamba yale yaliyoachwa. Ukiwa kambini Kasiha ukaona mwembe mkubwa, jua kuna mtu aliupanda, na wajukuu zake wako hai katika vijiji vilivyo nje ya mpaka. Njia ya kupanda Nkungwe ni ile ile waliyokuwa wakipita wazee kwenda kuituliza mizimu ya mlima. Wale wenzetu mnaotaka kupanda kilele, mnaenda na askari wa hifadhi mwenye silaha, mnalala njiani, na mkikuta mahali pameachwa vitu vya tambiko, hamgusi, hampigi picha, hamcheki. Ulizeni kwanza. Kama mwongozaji wenu ni Mtongwe, ataamua mwenyewe cha kuwaeleza na cha kunyamazia.

Mpaka wa hifadhi haukuishia nchi kavu. Unaingia ziwani kilomita 1.6, na katika maji hayo hakuna kuvua. Samaki wanazaliana pale kwa usalama, na wavuvi wa nje wananufaika baadaye. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini kuna baba anayetazama maji tulivu yenye samaki kutoka kwenye mtumbwi wake na hawezi kutupa wavu. Sisi tunaokwenda kustarehe tunapaswa kukumbuka kwamba raha yetu ina mtu anayeilipia. Kwa hiyo kodini boti kwa watu wa mwambao. Chukueni wapagazi wa vijijini. Laleni Buhingu au Kalilani hata usiku mmoja, mle migebuka ya mama lishe, mlipe bei yake bila kubishana kwa mia mbili. Mchele na mafuta nunueni Kigoma kama ni lazima, ila mihogo, ndizi na samaki nunueni pale. Salamu nazo zina uzito. Mgeni anayeshuka botini akapita katikati ya kijiji na miwani yake bila hodi wala shikamoo, watu wanamkumbuka kwa miaka. Watoto msiwagawie pipi na noti. Mkiwa na madaftari, mkabidhini mwalimu mkuu.

Taka. Kila mlichoingia nacho mnatoka nacho mpaka Kigoma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo sitarajii kuiona mikononi mwenu, lakini naziona chupa za maji na pakiti za dawa za mbu. Ganda la ndizi na kokwa la embe nalo ni taka, msiseme litaoza. Sokwe akiokota kitu kilichotoka mdomoni mwako, tumerudi pale pale. Haja kubwa malizeni kambini kabla ya kupanda. Ikimzidi mtu njiani, amwambie mwongozaji bila aibu, watatoka mbali na njia na mbali na kijito, wachimbe shimo refu, wafukie vizuri. Minyoo na vijidudu vya tumbo vinahama kwa njia hiyo. Jiko liwe la gesi. Kuni za msitu ule si zenu.

Picha pigeni, ila msitumie mwanga wa kamera, na zimeni milio ya simu. Naomba msipige ile picha ya kumpa sokwe mgongo mkijirekodi pamoja naye. Anayeiona mtandaoni haioni barakoa uliyoishusha sekunde tatu, anaona tu kwamba inawezekana kusimama karibu hivyo, naye atakuja kudai. Chukueni dakika 20 za mwanzo kwa picha, kisha wekeni simu mfukoni.

Kwa sababu mkinyamaza, kuna mambo mtayapata. Mtaona sokwe wawili wamekaa wakitazamana, kila mmoja ameinua mkono juu, wameshikana mikono juu ya vichwa, na kwa mikono ya chini wanachambuana manyoya. Utamaduni huo watafiti waliuandika kwa mara ya kwanza pale Mahale katika miaka ya 1970, na Gombe, ambako si mbali, hawana desturi hiyo. Mtasikia dume kijana anakata jani kwa meno vipande vipande, sauti ndogo kama ya karatasi. Halili jani lile. Anamposa jike, na jike lililo mita kadhaa linajua. Mtaona wakila mabungo, haya haya tunayokunywa juisi yake hapa Dar na Zanzibar, wanafyonza na kutupa maganda chini. Mkiwa mnanong'onezana na kusukumana kutafuta nafasi ya kamera, hayo yote yanapita juu ya vichwa vyenu.

Na siku ambayo sokwe hawakuonekana si siku ya hasara. Kuna mbega wekundu, kuna ngedere, kuna vipepeo kwenye mikondo ya maji, kuna misitu inayofanana na ya Kongo ikikutana na miombo ya kwetu katika mlima mmoja. Mwulizeni mwongozaji majina ya miti. Vijana wale wanajua mengi, na wageni wanaouliza habari za miti ni wachache mno.

Mwenyekiti, nimeongea vya kutosha. Orodha ya vitu vya kubeba nimempa katibu: barakoa za upasuaji tano kwa kila mtu, maana zikilowa jasho hazifai tena, darubini hata moja kwa watu wawili, viatu vilivyokwisha kuvaliwa, koti la mvua, mfuko wa kubebea taka. Suala la mfuko wa watakaougua naliacha mezani mwenu, na ningeshauri lipigiwe kura kabla hatujatoka humu, wakati kila mtu bado ni mzima na hana cha kuficha. Niko tayari kwa maswali.